Sauti ya Paka Mwenye Joho

Siku ya pili ya azaa, matanga ya Salha, nikiwa nimekaa chini pamoja na wanawake wenzangu nyumbani kwa binti yake Rayya, mtaa wa Ansab, bibi mmoja alininyooshea simu yake nitazame. "Msikilize kaka wa marehemu alivyosema," akanambia, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Kwenye simu alikuwa Nassor, amekaa katika sabla ya mtaa, ule ukumbi ambamo wanaume hupokelea mkono wa pole, kavaa kanzu nyeupe na kilemba cha kijivu. Alikuwa akiwasimulia watu kwamba marehemu dada yake alipenda sana kucheka, na kwamba kazi yake ya uchekeshaji, ambayo nchi nzima inamjua kwayo, aliianzia nyumbani kwao Ruwi kwa ajili ya kumfurahisha yeye. Alikuwa akimwekea vikatuni vya kale visivyo na sauti, akavitilia maneno, na dada akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Salha ndiye mtazamaji wangu wa kwanza," alisema, akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Nilimrudishia bibi simu yake. Alidhani huzuni imenizidi, akanishika goti. Hakujua kwamba ni hasira. Watu husema msibani si pahala pa hasira, na mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia wengine hivyo. Lakini hii nilikaa nayo siku zote za azaa, nikala nayo wali wa msiba, nikasali nayo, na ninapoandika hapa bado imekaa kifuani, haijapoa hata kidogo.

Kwa sababu mimi nilikuwapo. Nilikuwa msichana niliyemaliza skuli, najifunza kupiga taipu katika ofisi moja Maskati, na kwa mwaka ule nilikaa Ruwi kwa Ami Khalfan, mdogo wake baba yangu, ambaye Salha na Nassor ni wanawe. Sitaeleza ukoo wetu wala jinsi tulivyofika Omani kutoka Unguja. Hayo wameshayaeleza wengi, na hayahusiki. Kinachohusika ni chumba kimoja, ile majlis ya nyuma ya nyumba, yenye mito myekundu iliyozunguka kuta na kiyoyozi cha dirishani kilichonguruma kama lori linalopanda mlima. Humo ndimo Ami Khalfan alimoweka mashine ya sinema aliyoinunua kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Mashine ilikuja na boksi la mikanda, na ndani yake hamkuwa na chochote ila katuni za zamani kabisa, nyeusi na nyeupe, za zama ambazo sinema ilikuwa haijajua kusema. Ami Khalfan alivunjika moyo. Alitaraji vita na farasi. Alizitazama mara moja, akasema ni mambo ya kitoto, akawaachia wanawake.

Nimezitazama katuni nyingi tangu wakati ule, lakini sijaona zilizonichekesha kama zile. Zilianza kwa pazia kufunguka, maana waliozichora walikuwa wakiikejeli michezo ya jukwaani ya kwao, ile iliyotungwa makusudi ili kuwaliza watu. Kila mkanda ulikuwa na mama mzee mgonjwa, binti yatima, na mwovu anayekuja kuwatoa nyumbani mwao kwenye baridi. Yatima alikuwa kuku mwenye kope ndefu. Mwovu alikuwa paka aliyevaa joho jeusi, na hakuweza kufanya uovu wowote bila ya kwanza kulizungusha lile joho, likamnasa miguuni, akaanguka. Shujaa alikuwa kijibwa ambaye kila akija kuokoa hujikwaa kwenye taa za mbele ya jukwaa. Theluji ilimwangukia kuku peke yake, na ukitazama juu ya pazia unamwona tumbili akiimwaga kutoka ndani ya gunia. Gunia likimwishia, anarusha viatu. Kuku akilia, machozi hujaa jukwaani mpaka samaki wanapita, na paka analitandaza joho lake na kulipigia makasia.

Alasiri ya Alkhamisi wanawake wa mtaani walikuja kwa Bi Moza, mama yao Salha. Walikuja na watoto, na Bi Moza aliwatilia mkate wa kumimina, kahawa na tende, na sambusa ambazo mimi na Salha tulizikaanga tangu adhuhuri mpaka nguo zetu zikanuka mafuta. Tuliteremsha mapazia na kutundika shuka ukutani. Mara ya kwanza yalipotokea yale maneno ya Kizungu yaliyoandikwa katikati ya picha, Bi Moza akasema, "Salha, hebu tusomee, weye si unajua Kiingereza." Salha alisimama kando ya shuka, kanga begani, akayatazama yale maneno, na nilimwona akiamua kwamba hayana maana. Hakuyasoma. Aliyatunga. Paka alipomwelekea kuku, Salha akatoa sauti nzito ya kiume, yenye majivuno na mafua kidogo: "Binti, nimekuja kukutoa nyumba hii. Lakini ngoja kwanza nigeuke, upande huu hawajaniona vizuri." Kuku akajibu kwa sauti nyembamba iliyotetema, "Baba kafa, mama kipofu, na mie nna pumu. Hebu niambie, nianze kulilia lipi?" Na tumbili kule juu, kwa sauti ya fundi aliyechoka: "Lia upesi bibi, gunia linakwisha."

Bi Moza alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. Jirani mmoja, aliyefiwa na mumewe mwaka ule na ambaye tangu hapo hatukumsikia akisema neno ila salamu, alilala juu ya mto akishika mbavu. Wiki ya pili walikuja wengi zaidi, na wiki ya tatu walikaa mpaka ukumbini. Salha hakurudia. Mkanda ulikuwa ule ule, lakini kila Alkhamisi paka alikuja na maneno mapya, na kuku akawa mjuzi zaidi, mpaka kuna siku alimwambia yule kijibwa, "Usiniokoe bado, watu ndio kwanza wanakaa." Sisi tulioishi naye tulijua anayapata wapi. Alikuwa akiyasikia jikoni na ngazini, katika simu za baba yake na nasaha za shangazi. Zaidi ya yote aliyapata kwa kaka yake.

Maana Nassor alikuwa mwigizaji. Klabu ya vijana, naadi kama tulivyoiita, ilikuwa na kundi la michezo ya kuigiza, na Nassor ndiye aliyekuwa nyota wake. Michezo yao ilikuwa ya Kiarabu na ya machozi: mtoto anamwasi mama, anarudi amechelewa, anakufa juu ya kaburi lake, na kufa kwenyewe kunachukua muda mrefu kuliko maisha yake. Nyumba nzima iliishi katika mazoezi yake. Tukila tunamsikia bafuni akiomboleza. Aliwahi kusimama katikati ya chakula, mkono mmoja una mchuzi wa papa, akamwambia mama yake kwa Kiarabu cha jukwaani kwamba dunia imekuwa giza, na Bi Moza akamjibu kwa Kiswahili, "Washa taa, kula." Tulipokwenda kumtazama naadi, watu walilia kwelikweli. Ami Khalfan alilia. Mimi pia nililia, sioni haya. Salha alikaa karibu yangu kajifunika shela mdomoni, mabega yanamtikisika, na bibi wa mbele yetu akageuka kumpa kitambaa, akidhani amezidiwa.

Alkhamisi iliyofuata, paka mwenye joho alikufa kama Nassor. Aliangukiwa na mti wa pazia, na kila akianguka alifufuka kwa neno la mwisho. "Nakufa," Salha akasema kwa sauti ile ile ya kaka yake, na pale pale pa kuvuta pumzi. "Bado. Mwambieni mama nakufa. Mama yuko wapi? Mleteni karibu, haoni vizuri." Kelele za kicheko zilikuwa kubwa mno, hata hatukumsikia Nassor akifungua mlango. Alisimama hapo kwa muda. Nilidhani atakasirika, na laiti angekasirika. Aliingia wanawake walipokwisha kuondoka, akakaa juu ya mto, akamwambia dada yake kwa upole, "Hebu fanya tena ile ya kufa." Salha alifanya tena. Alifurahi mno. Usiku wa siku ile kitandani alinambia, "Umemwona? Kakaa mpaka mwisho." Tangu hapo kila Alkhamisi Nassor alikaa nyuma ya mlango ulio wazi, na baadaye akimhoji. Kwa nini umempa tumbili sauti ya fundi? Kwa nini pale umenyamaza kabla ya kusema? Salha alimjibu yote, kama mtu anavyomjibu anayempenda, na wakati mwingine alimtolea mfano akiwa na sinia la vyombo mikononi.

Siku moja tulikuwa tukila jikoni, wanaume wanakula chumba cha pili, na mlango wa kati haukufungwa. Tulimsikia Nassor akisema, "Baba, sauti ya Salha inatoka nje. Majirani wanaisikia." Ami Khalfan akauliza, "Nani kasema?" Nassor akasema, "Watu." Tukasikia kijiko kikiwekwa. "Basi iwe mwisho," Ami Khalfan akasema. Ndani ya nyumba ile hakuna asiyejua kwamba yeye mwenyewe alikuwa akisimama ukumbini kila Alkhamisi, akijifanya anatafuta funguo, apate kumsikia paka. Salha hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua miiba ya samaki, akaiweka pembeni ya sahani moja moja, mpaka hapakuwa na miiba, na hata hapo akaendelea. Juma lile lile mashine na boksi vilipakiwa kwenye gari la Nassor na kupelekwa naadi.

Nimefikiri sana juu ya jioni niliyoichukia kuliko zote katika umri wangu, na siwezi kuieleza ila kwa namna ilivyokuwa. Naadi ilitangaza jioni ya vichekesho kwa familia, baada ya sala ya magharibi. Tuliwekwa viti vya nyuma, upande wa wanawake. Taa zilizimwa, pazia la katuni likafunguka, paka akaingia na joho lake, na Nassor, amesimama kando ya skrini na kipaza sauti, akasema kwa Kiarabu, "Binti, nimekuja kukutoa nyumba hii. Lakini ngoja kwanza nigeuke." Watu wakaangua kicheko. Nilimgeukia Salha. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akiyasema yale maneno kwa Kiswahili, bila ya sauti, kabla ya kaka yake kuyasema. Aliyasema ya kuku, ya kijibwa, ya tumbili, na kila alipomaliza, pale mbele yakatoka kwa Kiarabu na ukumbi ukacheka. Hakukosea hata moja, kwa sababu Nassor hakubadilisha hata moja. Aliiba mpaka vile vituo vya kunyamaza. Na naomba nisieleweke vibaya: alifanya vizuri. Kama angefanya vibaya ningemsamehe zamani.

Tulipokuwa tukingoja gari ukumbini, alikuja mwanamke mmoja aliyefanya kazi redioni. Watu walimjua sauti kabla ya kumjua sura, na Salha alikuwa akimsikiliza kila asubuhi. Alimwambia Nassor kwamba wanatafuta mtu wa kutunga vichekesho vifupi na kuvitia sauti, awe mwanamume au mwanamke, haidhuru, wanataka kipaji tu. "Maneno haya umeyatunga mwenyewe?" akamuuliza. Nassor akasema, "Mwenyewe." Mimi nikasema, "Ya Salha." Sikufikiri, yalinitoka. Yule mwanamke akamgeukia Salha, akamuuliza kwa uungwana, "Kweli, binti yangu?" Salha hakumtazama yeye. Alimtazama kaka yake. Alimpa nafasi, na ninaapa mbele ya Mola wangu kwamba alimpa nafasi ya kutosha. Nassor akacheka, akasema, "Hawa watoto wa nyumbani. Nawajaribia wao kwanza, basi wanadhani ni yao." Yule mwanamke naye akacheka, akamwambia Nassor aje redioni Jumamosi. Salha akanivuta mkono. "Twende," akasema, "gari ishakuja." Halikuwa limekuja. Tulisimama nje kwenye joto.

Ndiyo maana sipokei udhuru wa kwamba zama zilikuwa zama. Redioni walikuwapo wanawake, na mmoja wao alisimama mbele yetu akiuliza. Anayesema ilikuwa haya, au ilikuwa mila, aje anieleze mila gani inayomkataza dada kusema na kumruhusu kaka kusema maneno yale yale, na pumzi zile zile. Kesho yake nilikwenda kwa Ami Khalfan barazani nikamwambia. Alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Thuraya, weye katika nyumba hii ni mgeni au ni mwenyewe?" Nikasema ni mwenyewe. "Basi mwenyewe husitiri. Jina la Nassor ndilo jina la Salha. Baba yao si mmoja?" Nikamwambia, "Basi aende Salha redioni, na jina liwe la Nassor pia." Hakunipiga, hakuwa mtu wa kupiga. Akamwita mkewe, na nilirudishwa kwa baba yangu kabla mafunzo yangu hayajakwisha. Bi Moza alinifungia halwa na vitumbua, akanibusu, akanambia nna moyo mzuri na ulimi mbaya. Mpaka leo najiuliza vipi mtu huvitenganisha.

Nassor aliiacha michezo ya machozi na akawa Nassor ambaye watu wanamjua. Nilimsikia redioni miaka na miaka, kisha kwenye televisheni, na kwa muda mrefu niliweza kusema lipi ni la Salha na lipi ni lake. Ya Salha yalikwisha, akabaki na makelele, lakini jina lilikuwa limeshajengeka na watu wakicheka kwa mazoea. Salha alisomea ualimu, akapelekwa Qurayyat, akaolewa huko na mtu mwema, akazaa. Nilikuwa nikienda kumtembelea. Nyumba yake ilikuwa na mitende nyuma na watoto tele, na siku moja, tukimenya vitunguu, nilimwomba afanye ile sauti ya paka japo kidogo, awachekeshe wanawe. Alitikisa kichwa. Nikamuuliza kwa nini. "Nikifungua mdomo," akanambia, "watasema namwiga Nassor." Alisema hivyo bila ya uchungu, kama mtu anayetaja bei ya samaki, na kisu changu kilisimama katikati ya kitunguu.

Siku ya tatu, ya mwisho wa azaa, baada ya alasiri, Nassor alikuja upande wetu. Wageni wa kike walikuwa wameshaanza kuondoka, na chumbani tulikuwa watu wa nyumba tu: mimi, Rayya na wakwe zake. Nassor amezeeka, anatembea kwa shida, na Rayya alimwekea mto nyuma ya mgongo, kwani anampenda mjomba wake. Akasema yale yasemwayo: aliye na haki yake kwa marehemu ajitokeze, na asiyekuwa nayo amsamehe. Wakwe wakaitikia kwamba wamesamehe. Mimi nikasema, "Na haki ya marehemu kwa walio hai, nani ataisema?"

Rayya akanitazama. "Haki gani, mama mdogo?"

"Muulize mjomba wako yale maneno ya paka alikuwa nani akiyatunga."

Nassor akasema, "Thuraya, leo?"

"Umesema weye juzi, mbele ya watu. Mie nasema leo, mbele ya mwanawe."

Nikamweleza Rayya, pale pale, tangu Alkhamisi ya kwanza mpaka kwenye gari ambalo halikuwa limekuja. Nassor hakunikatiza. Nilipomaliza akasema taratibu, "Hakuwahi kunilaumu. Mimi nilijua kanipa."

"Alikupa lini?"

"Hakukataa."

"Aliulizwa mara moja, Nassor, na ulimjibia weye."

 Rayya akasema, si kwangu wala kwake, "Mjomba alikuwa akitokea kwenye televisheni, Mama anatoka chumbani. Sisi tukidhani hapendi makelele." Akamwomba mjomba wake, kwa adabu, kwamba kama aliyasema yale katika sabla, basi arudi katika sabla aseme na haya. Nassor akatikisa kichwa kukubali. Akaondoka akishikilia ukuta, na ninakiri kwamba kwa dakika chache nilidhani jambo limekwisha.

Alitimiza. Jioni ile ile alisimama mbele ya wanaume akasema kwamba kila alichonacho alikipata kwa dada yake, kwamba yeye alikuwa mwanafunzi na Salha ndiye mwalimu, kwamba alidhulumu na anaomba radhi. Alisema vizuri mno. Sauti ilimkatika mahali panapofaa, alishika kifua, magoti yakamlegea na wanaume wawili wakamdaka, na ukumbi mzima ulilia. Kabla ya isha ile video ilikuwa imefika kwenye kila simu niliyoijua, na watu wameandika chini yake: moyo mkubwa ulioje, unyenyekevu ulioje, Mungu amzidishie. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Salha alikuwa nani, alisema nini, alichekesha vipi. Walimlilia Nassor. Hata kwa kumrudishia mwenyewe haki yake, alipata kupigiwa makofi.

Rayya aliitazama mpaka mwisho, akaiweka simu kifudifudi juu ya zulia. Akaniuliza, "Paka alikuwa akisemaje?" Nikamwambia. Maneno niliyakumbuka yote, ya paka na ya kuku na ya tumbili, kwa mpango wake, na pale pa kunyamaza nilinyamaza. Lakini mimi sina sauti ile, sikuwahi kuwa nayo, na yalinitoka makavu kama mtu anayesoma tangazo. Rayya alinisikiliza kwa makini, akijitahidi. Hakucheka. Wala hapakuwa na cha kumchekesha.